Kumsimamia mfanyakazi mwenye umri mkubwa pasipo na umri wa kustaafu

Katika utumishi wa umma wa Tanzania jambo hili limekwisha kuamuliwa: mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na akifikisha 60 anastaafu kwa lazima, ukiacha kada chache zilizoongezewa muda. Mkuu wa idara hana la kumuumiza kichwa, maana tarehe imo katika jalada tangu siku ya ajira. Ukitoka huko ukaingia katika karakana za Gerezani, maduka ya jumla ya Kariakoo, kwa mafundi samani wa Keko au katika maghala ya kandokando ya Barabara ya Nyerere, hali inakuwa nyingine kabisa. Utakuta fundi, mtunza stoo, dereva au mhasibu ambaye mkataba wake unataja kazi, mshahara na likizo, lakini hausemi neno lolote kuhusu siku ya kuondoka. Wapo pia ambao mkataba wao wa maandishi ulipotea pamoja na mwajiri wa kwanza, aliyeuza biashara akaenda zake.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya msimamizi wa mahali pa namna hiyo, ambaye mara nyingi ni mdogo kwa umri kuliko anayemsimamia, na ambaye siku moja huitwa na mkurugenzi na kuulizwa: "Hivi yule mzee ataondoka lini?" Swali likishafika mezani kwa sura hiyo, ujue kwamba mazungumzo yaliyopaswa kufanyika miaka mitatu nyuma hayakufanyika.

Anza na makaratasi yako mwenyewe

Kabla ya kumwita mtu yeyote, soma. Soma mkataba wake, soma kanuni za kazi za kampuni, na kama wafanyakazi wako wamo katika chama cha wafanyakazi, kwa mfano TUICO, soma mkataba wa hali bora uliosainiwa kati ya chama na mwajiri, kwa kuwa kipengele cha kustaafu kinaweza kuwa kimekaa humo na wasimamizi wengi hawajawahi kuufungua. Ukikuta umri umeandikwa, utekeleze kwa wote bila kuchagua. Ukimbakiza mmoja kwa sababu ni rafiki wa mkurugenzi na kumwondoa mwingine kwa hoja ya tarehe, umejitengenezea kesi kwa mikono yako.

Usipokuta kitu, usiujazie mkataba maneno ambayo haukuyasema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuweka umri mmoja wa kustaafu kwa waajiri wote. Miaka 55 na 60 tuliyoizoea masikioni ndiyo inayotumika pia katika mifuko ya hifadhi ya jamii, ukiwemo NSSF unaowahudumia wafanyakazi wa sekta binafsi, na kazi yake huko ni kuonyesha lini mwanachama anaweza kudai pensheni. Mtu kuwa na haki ya kudai pensheni ni jambo moja, na mwajiri kuwa na sababu halali ya kumwachisha kazi ni jambo jingine. Sheria hiyo ya 2004 imeutaja umri miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kuyafanya msingi wa ubaguzi, pamoja na jinsia, kabila, dini na ulemavu, na imeacha nafasi kwa tofauti inayotokana na hitaji la msingi la kazi yenyewe. Sababu halali za kuachisha kazi ni mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, utangamano wake na wenzake, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli za mwajiri. Uzee peke yake haumo.

Kama kampuni inaona ni vizuri kuwa na umri wa kustaafu kwa siku zijazo, njia ipo, nayo ni kukaa na chama au na wafanyakazi wenyewe, kushauriana, kukubaliana, kuandika na kusaini. Badiliko la masharti ya kazi linalotangazwa kwa karatasi iliyobandikwa ubaoni siku ya Ijumaa jioni, hasa pale ambapo kila mtu anajua linamlenga mtu mmoja, halitakusaidia mbele ya msuluhishi.

Nchi nyingine zimelipitia jambo hili. Marekani ilifuta kustaafu kwa lazima kwa kazi nyingi mwaka 1986, kwa kuirekebisha sheria yake ya mwaka 1967 inayokataza ubaguzi wa umri kazini. Uingereza nayo ikaondoa mwaka 2011 umri wa miaka 65 ambao waajiri walikuwa wakiutumia kuwastaafisha watu. Mazingira yao si yetu, wala sishauri kuyabeba yote. Lakini chombo cha Uingereza cha ushauri wa mambo ya kazi, ACAS, kiliwaambia waajiri jambo moja ambalo nimelijaribu hapa Dar es Salaam likafanya kazi: swali kuhusu mipango ya mbele waulizwe wafanyakazi wote, wa miaka 25 na wa miaka 65, kwa maneno yaleyale. Nitalirudia hapa chini.

Heshima inayoficha ukweli

Tatizo letu kubwa, kwa maoni yangu, haliko kwenye sheria. Liko kwenye adabu yetu, na nalisema hili kama mtu anayeipenda adabu hiyo. Tumelelewa kutomkosoa mtu mzima. Tunamwamkia, tunampisha kiti, tunamwita baba au mama, na kazi yake ikianza kuyumba tunanyamaza kwa sababu hatujui tutaanzaje kumwambia. Ukimya huo tunauita heshima, na kumbe tunaukusanya kama deni, mpaka siku moja tunamdai mzee lote kwa mkupuo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa afisa rasilimali watu katika kiwanda kidogo cha uchapaji hapa jijini. Mashine ya kukatia karatasi ilikuwa mikononi mwa mzee wa miaka 63, aliyekuwa pale tangu kiwanda kina mashine mbili tu. Wakati fulani vitabu vya risiti vikaanza kutoka vimekatwa mshazari upande wa namba, kwa milimita mbili au tatu, kiasi ambacho jicho la kawaida halikioni mpaka uvipange vitabu kumi vikae pamoja. Kiongozi wa zamu, kijana asiyefikisha miaka 30, alikuwa akisubiri mzee aondoke saa kumi na moja, kisha anavirudia yeye mwenyewe kimyakimya. Nilipomuuliza alinijibu, "Sasa mimi nitamwambiaje mzee wangu?" Nilimwelewa, nami nikakaa kimya. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, tukaulizana habari za nyumbani, na kwa miezi kumi na minne sikuweka karatasi hata moja kwenye jalada lake.

Kisha mteja akarudisha oda nzima, na mkurugenzi akataka barua. Niliiandika mimi. Ndani yake niliweka maneno "kutokana na umri wako", ambayo leo nisingeyaandika hata kwa rasimu. Mzee aliishika karatasi kwa mkono ulionyooka, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akaisoma polepole mpaka mwisho, akaniambia: "Mwanangu, miezi yote hii mnaniamkia, hakuna aliyeweza kuniambia?" Sikuwa na jibu. Barua tuliiondoa siku ileile. Alipokwenda kupimwa macho alikutwa na mtoto wa jicho, na tulipokwenda kuitazama mashine tukakuta taa ya juu yake imeungua siku nyingi na hakuna aliyeagiza nyingine, kwa kuwa vijana waliona vizuri bila hiyo. Alifanyiwa upasuaji, taa ikawekwa, akarudi akakata sawasawa. Lakini hakuniita tena mwanangu. Tangu siku ile aliniita "afisa".

Nimeeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu makosa yake yote yanaweza kuepukwa, na hakuna hata moja lililohitaji mwanasheria. Kiongozi wa zamu angesema siku ya kwanza. Mimi ningeuliza chanzo kabla ya kufikiria hatua. Taa ingebadilishwa.

Namna ya kuzungumza

Panga mazungumzo ya kila mwaka na kila mfanyakazi, bila kujali umri, na uyafanye kweli. Mahali pawe pa faragha. Usiyafanye karakanani wenzake wakisikiliza, wala mlangoni mtu akiwa ameshika begi lake anawahi mwendokasi. Mwamkie kama unavyomwamkia siku zote, mpe kiti, kisha usiitumie nusu saa nzima kuzunguka. Wazee wanaujua mzunguko huo kuliko wewe, na unawatia hofu zaidi.

Uliza mambo matatu. Kazi inakwendaje, na kipi kinakupa shida? Kuna jambo ungependa kujifunza au kubadilishiwa? Na unajionaje hapa kwetu mwaka huu, na miaka miwili mitatu ijayo? Swali hilo la tatu ndilo lililobeba suala la kuondoka, nalo limekaa wazi kiasi kwamba kijana anaweza kukuambia anataka kwenda kusoma, mama mwenye watoto wadogo anaweza kukuambia anahitaji zamu ya asubuhi, na mzee anaweza kukuambia kwamba anafikiria kurudi Kilosa kulima baada ya mjukuu kumaliza shule. Usiulize "Unastaafu lini?" wala "Hujachoka tu, mzee?" Hata likisemwa kwa upendo, swali la namna hiyo linasikika kama mlango unaofunguliwa ili mtu atoke, na kama baadaye ukija kumwachisha kwa sababu nyingine kabisa, ndilo litakalokumbukwa.

Akikujibu kwamba bado yupo, liishie hapo. Akikutajia mwaka anaofikiria kuondoka, mshukuru, andika, na umweleze kwamba maneno hayo si barua ya kuacha kazi na anaweza kuyabadilisha. Nimeona msimamizi akilichukua neno la mazungumzo, "labda mwakani", akaajiri mtu wa kuziba nafasi, na mwakani mzee akasema bado ana mwanafunzi chuo kikuu. Hapo wote wawili walikuwa wakweli, ila mmoja alijenga juu ya mchanga. Mwishoni mwa mazungumzo andikeni mistari michache ya mliyokubaliana, msaini wote, kila mmoja abaki na nakala.

Kuhusu nani azungumze: anayefaa ni msimamizi wake wa moja kwa moja, hata kama ni kijana. Kumkimbilia mkurugenzi au mzee mwenzake kila inapobidi kusema neno gumu kunamfanya msimamizi awe wa kupokea shikamoo kutoka kwa wadogo tu. Kijana anaweza kusema ukweli kwa adabu: "Baba, nimekuja na vitabu hivi kumi vya jana. Naomba tuviangalie pamoja, maana upande huu vimepishana." Kitu kikiwa mezani, mkubwa na mdogo wote wanakitazama kitu, hawatazamani wao.

Pima kazi kwa kipimo kimoja

Kipimo cha kazi kiwe kimeandikwa na kiwe kilekile kwa wote wanaofanya kazi hiyo. Idadi ya oda zilizofungwa bila kurudishwa, stoo iliyohesabiwa ikalingana na kitabu, gari lililorudi bila mkwaruzo, vitabu vilivyokatwa sawa: hivyo vinahesabika. "Siku hizi amepunguza kasi" hakihesabiki, na mara nyingi ukikaa ukahesabu utashangaa. Fundi mkubwa anaweza kuwa anatoa vipande vichache kwa saa kuliko kijana, na vyake vyote vikapita, wakati robo ya vile vya kijana vinarudiwa.

Kazi ikishuka kweli, tafuta chanzo kabla ya kutafuta hatua. Macho, masikio na magoti vina tiba au vifaa. Mashine inaweza kuwa imebadilishwa bila yeye kufundishwa. Anaweza kuwa anamuuguza mwenza wake usiku. Baada ya hapo fuata utaratibu ambao Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinautaka kwa mfanyakazi yeyote ambaye kazi yake hairidhishi: aelezwe kiwango kinachotakiwa, apewe mwongozo au mafunzo, apewe muda unaotosha kujirekebisha, aonywe, na kabla ya uamuzi wa mwisho asikilizwe akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Kumsamehe mzee hatua hizi kwa huruma kisha kumwondoa ghafla ni kumnyima nafasi ambayo kijana angeipata. Kumbuka pia kwamba aliyeachishwa kazi na kuona ameonewa ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, na huko jambo la kwanza utakaloulizwa ni karatasi.

Ugonjwa ni njia nyingine, usiichanganye na hiyo. Likizo ya ugonjwa kisheria ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari. Muda huo ukielekea kwisha, swali unalotakiwa kulijibu ni kama ipo kazi nyingine anayoiweza, au kama kazi yake inaweza kurekebishwa, na hilo ulijibu kwa ripoti ya daktari badala ya kukadiria kwa kumtazama anavyopanda ngazi.

Rekebisha mahali pa kazi

Hapa ndipo fedha kidogo inapoleta faida kubwa, na ndipo wasimamizi wengi hawafiki. Fikiria siku ya fundi anayeishi Chanika au Mbagala Rangi Tatu na anayetakiwa kuingia saa moja asubuhi Chang'ombe. Ameamka saa kumi alfajiri, amesimama kwenye daladala, na kazi haijaanza. Kumsogezea zamu ianze saa tatu hakukugharimu chochote ikiwa mashine yake haihitajiki kabla ya saa hiyo, na kunampa usingizi na kiti cha daladala. Zamu ya usiku, ambayo kisheria ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, iangalie kwa makini kwa mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari, na umwombe daktari aseme badala ya kuamua wewe. Katika miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, karakana ya bati inakuwa tanuri. Feni, maji ya kunywa yaliyo karibu na mapumziko mafupi yanayoongezwa mchana vitamfaa kila mtu, na yule wa miaka 62 vitamfaa zaidi.

Mizigo iwekewe toroli. Vitu vizito vitoke rafu ya juu vishuke usawa wa kiuno. Kiti kirefu cha kukalia mbele ya mashine, pale ambapo kazi inaweza kufanywa mtu ameketi, ni jambo la fundi seremala wa siku moja. Uchunguzi wa afya za wafanyakazi unaosimamiwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, usiufanye wa kutimiza cheti tu. Soma majibu, maana mara nyingi yamekwisha kukuambia nani anahitaji miwani.

Mfanyakazi akiomba kupunguza saa au siku, likubali kama kazi inaruhusu, na muandike upya: saa ngapi, mshahara kiasi gani, likizo inahesabiwaje, michango ya hifadhi ya jamii inakuwaje. Wiki ya kawaida kisheria haizidi saa 45, lakini hakuna kinachokataza kukubaliana pungufu. Kinachokatazwa, na nimekiona kikifanyika, ni kumpunguzia mtu siku na mshahara ili achoke mwenyewe aondoke.

Ujuzi na mafunzo

Mzee aliyekaa na mashine miaka 20 anajua kwa sauti kwamba beringi inakaribia kufa. Ujuzi huo haumo kwenye kitabu cha mashine, na kama hukuupanga kuhama, utaondoka naye. Wasimamizi wengi wanamkabidhi kijana kutoka VETA na kusema "mfundishe", kisha wanashangaa kwa nini mzee anafundisha nusu na kuficha nusu. Anaficha kwa sababu ameona yaliyowapata wenzake: walifundisha, wakaondolewa. Mpe uhakika kwa maandishi kwamba kufundisha ni sehemu ya kazi yake na si maandalizi ya kumtoa, kitambue katika mshahara au posho, na mpunguzie kazi ya mikono kwa saa anazofundisha. Asiyetaka kufundisha au asiyeweza, usimlazimishe. Fundi hodari anaweza kuwa mwalimu mbaya, na kijana akanyanyasika bure.

Upande wa pili, usimwache mzee nje ya mafunzo. Programu mpya ya stoo inapoletwa, orodha ya wanaokwenda kufundishwa huandikwa haraka, na majina ya wakubwa yanarukwa kwa hoja kwamba "atasumbuka". Miezi sita baadaye anaambiwa hawezi mfumo mpya. Wengi wa wazee hao wanatuma fedha kwa simu na kulipia umeme kwa simu kila wiki. Wanachohitaji ni mwalimu asiye na haraka, maandishi makubwa kwenye skrini, na kurudia mara mbili bila wenzao kucheka.

Fedha zake za baadaye ni kazi yako pia

Watu wengi hawaendelei na kazi kwa kupenda tu. Wanaendelea kwa sababu hesabu ya pensheni haijakaa sawa, na wakati mwingine aliyeiharibu ni mwajiri. Ili kupata pensheni ya uzee NSSF mwanachama anahitaji kuwa amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Anayestaafu hupokea kwa mkupuo sehemu tu ya mafao yake (kanuni iliyoanza Julai 2022 iliiweka kuwa asilimia 33), na kilichobaki hulipwa kama pensheni ya kila mwezi. Mzee anayetegemea kujengea nyumba ya Kigamboni kwa mkupuo anapaswa kuijua hesabu hii akiwa na miaka 50, na si siku anayokabidhi funguo.

Kwa hiyo, kila mwaka mwezeshe kila mfanyakazi apate taarifa ya michango yake, na kaeni muikague. Mtakuta miezi iliyokatwa kwenye mshahara lakini haikuwasilishwa. Mtakuta jina la NSSF ni la utotoni na la kitambulisho cha NIDA ni jingine, au tarehe za kuzaliwa zimepishana. Mambo haya yakigunduliwa mapema yanarekebishika kwa barua, viapo na safari chache. Yakigunduliwa mtu ameshaacha kazi, yanamla miezi anayoishi bila kipato. Mwajiri wa awali akiwa amefunga biashara, ndiyo kabisa. Kama deni la michango ni lako, lilipe kabla ya kuzungumza jambo lingine lolote naye.

Njia za mkato zinazoumiza

Ya kwanza ni mkataba wa mwaka mmoja mmoja, unaopewa mtu aliyefikisha 60 "ili tuone". Sheria ya mwaka 2004, kabla ya marekebisho ya 2025, iliielekeza mikataba ya muda maalumu kwa wataalamu na watu wa ngazi ya uongozi, kwa hiyo usimhamishie fundi au mlinzi wa miaka mingi kwenye mkataba huo bila ushauri wa ofisa kazi. Na hata pale unapofaa, ukiuhuisha mara tatu kisha mara ya nne ukakaa kimya, mfanyakazi anaweza kudai kwamba alikuwa na matarajio ya msingi ya kuhuishwa, na kutohuishwa huko kukahesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi.

Ya pili ni kutumia zoezi la kupunguza wafanyakazi kama ufagio. Kupunguza kunataka notisi ya nia, maelezo ya sababu, mashauriano na vigezo vya haki. Orodha ikitoka na wote waliomo wamezidi miaka 58, hakuna kigezo kitakachoaminika. Anayepunguzwa kihalali, akiwa amefanya kazi angalau mwaka mmoja, anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka kumi.

Siku akiamua mwenyewe

Akija na uamuzi, mwombe auandike kwa mkono wake, na umpe siku mbili za kuutafakari kabla hujaupokea, hasa kama amekuja baada ya kugombana na mtu. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi isiyopungua siku 28 inatosha kisheria, lakini mkikubaliana miezi mitatu mtapata muda wa makabidhiano yaliyo tulivu. Hesabu likizo ambayo hakuitumia, mshahara wa siku alizofanya kazi, na nauli ya kumrudisha alikoajiriwa ikiwa sheria au mkataba unampa haki hiyo. Hakikisha mchango wa mwezi wa mwisho umewasilishwa na nyaraka za NSSF zimejazwa na kugongwa muhuri kabla hajatoka, kwa sababu mzee wa Chanika kurudi mara nne mjini kufuata muhuri ni mateso yasiyo na sababu.

Kisha andika cheti cha utumishi kwa uangalifu. Vyeti vingi vinasema "alifanya kazi kama fundi" na vinaishia hapo. Taja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, taja mashine alizoziendesha kwa majina yake, taja kazi alizosimamia na vijana aliowafundisha. Wengi wao hawaendi kupumzika. Wanakwenda kufungua kibanda chao Mbagala au Kibaha, na karatasi hiyo ndiyo watakayoitia kwenye fremu na kuitundika ukutani ili mteja aione akiingia.